Land Rover 109 na Peugeot 504: dalili moja, magonjwa mawili

Uani kwangu Moshi kuna magari mawili ya zamani. Moja ni Land Rover 109 Series III ya petroli, jingine ni Peugeot 504 saluni, ile tuliyozoea kuiita Pijo. Kila mgeni akiyaona huuliza lipi ni bora. Swali hilo limenichosha. Mimi huwa nina swali jingine, na huja karibu kila Jumamosi: hili hapa limegoma, nianzie wapi? Nilichojifunza, tena kwa kulipia, ni kwamba dalili ileile kwenye magari haya haitoki mahali pamoja, na dawa iliyoiponya Land Rover yaweza kuiua Peugeot.

Kwanza ujue umeshika nini. Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli ina ujazo wa sentimita 2,286 na nguvu ya farasi takriban 70. Bloku ni chuma, hedi ni chuma, bodi ni aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikawa Gari la Mwaka la Ulaya. Yangu ina injini ya sentimita 1,971, farasi zaidi kidogo ya 90, hedi ya aluminiamu, na pistoni zake zinacheza ndani ya slivu, mapipa ya kupachikwa yaliyozungukwa na maji. Hizo slivu zishike kichwani, tutakutana nazo.

Peugeot pia ina jina la mashindano. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kabla yake kaka yake 404 ilishinda 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Sifa hizo zimewaponza wengi. Wanadhani gari lililoshinda Safari halihitaji kushikwashikwa.

Gari linachemsha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo injini nyingi zinapofia.

Kabla ya kufungua chochote, kumbuka uko wapi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Ukipanda hadi ukingo wa Ngorongoro, juu ya mita 2,200, hata 93 hufiki. Anayekuokoa ni mfuniko wa rejeta: kila pauni moja ya msukumo unaoushikilia hupandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi moja na nusu. Mpira wake ukikatika, gari lililokuwa salama Tanga litachemsha Karatu bila kosa jingine lolote. Kwa hiyo anza na mfuniko. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote nitakazozitaja, na ndiyo inayosahauliwa.

Kisha jiulize: linachemsha lini?

Kama ni kwenye foleni au unapopanda polepole, tuseme kutoka Himo kwenda Marangu kwa gia ya pili, halafu linapoa ukipata barabara ya kukimbia, tatizo ni upepo. Kwenye Peugeot angalia feni. 504 nyingi zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: rejeta ikipata moto, swichi inapeleka umeme, kibrashi kidogo cha kaboni kinaufikisha kwenye puli, na feni inanasa. Kibrashi kikiisha, feni inajizungukia kivivu kama imetumwa. Jaribio lake ni jepesi. Injini ikiwa imezimwa, chukua waya kutoka kwenye betri uguse waya wa kibrashi. Ukisikia "tak" kwenye puli, sumaku ni nzima na kosa liko kwenye swichi au fyuzi. Usiposikia kitu, kibrashi kimekwisha au koili ya sumaku imekufa. Ukiwa njiani huna spea, kaza skrubu za kurekebisha nafasi kwenye kitovu cha feni mpaka sahani zibanane. Feni itazunguka muda wote kama ya lori na utafika nyumbani.

Kwenye Land Rover hakuna kitu cha aina hiyo. Feni imefungwa kwenye puli, injini ikizunguka nayo inazunguka. Ukiona fundi anahangaika na "swichi ya feni" kwenye 109 ambayo haijabadilishwa kitu, mwambie apumzike. Tazama mkanda kwanza, kisha uso wa rejeta: mbegu za nyasi na tope lililokauka hujaa kati ya mapezi mpaka hewa haipiti. Osha kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, usielekeze bomba kutoka mbele, utazisukumia ndani zaidi. Kama rejeta ni safi, pima taiming, yaani wakati ambao plagi inatoa cheche. Moto unaochelewa kuchoma huipasha injini bila sababu, na Land Rover iliyochelewa taiming hujitambulisha pia kwa uzito wa kupanda.

Kama gari linachemsha ukikimbia, mfano baada ya Boma Ng'ombe unapoanza kunyoosha kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, basi maji hayapiti ya kutosha. Rejeta imeziba ndani, au thamostati, ule mlango wa maji unaofunguka kwa joto, haifunguki, au hozi ya chini imelegea na inajikunja pampu inapovuta. Hili ni sawa kwa magari yote mawili.

La tatu ndilo baya: maji yanapungua na huoni yanakokwenda. Jaza rejeta, acha mfuniko wazi, washa injini ya baridi utazame. Mapovu yasiyokoma maana yake gasketi ya hedi imepasuka. Na hapa ndipo nilipolipia ada.

504 yangu ilikuwa inakunywa maji kama nusu lita kwa wiki. Nikamwita fundi mmoja, mzee anayeijua Land Rover kwa kuisikia tu ikipita. Akalegeza bolti, hedi ikang'ang'ania, akaigonga na kuinyanyua kwa nguvu. Halafu, apate kusafisha vichwa vya pistoni, akaweka spana kwenye puli ya mbele akaizungusha injini. Kwenye Land Rover hakuna ubaya wowote, matundu yake yamechongwa ndani ya bloku yenyewe. Kwenye 504 slivu zinashikiliwa na mbano wa hedi tu. Hedi ikiondoka, pistoni ikipanda inapanda na slivu yake, na mhuri wa chini unaachia. Tukafunga, ikawaka vizuri siku tatu. Siku ya nne nikachomoa kijiti cha oili, kikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Shikamoo fundi. Njoo unywe chai, iko ndani ya injini."

"Marahaba. Hiyo si kazi yangu bwana, hilo ni gari la Wafaransa."

Alikuwa amesema kweli bila kukusudia. Kwenye 504 hedi haivutwi juu. Inatikiswa kwa upande mpaka iachie gasketi, ndipo inyanyuliwe. Mara tu ikitoka, slivu zinabanwa kwa vipande vya bapa na bolti, na hakuna mtu kugusa puli mpaka zibanwe. Zaidi ya hapo, hedi ya aluminiamu hupinda. Weka rula ya chuma juu yake na upitishe fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, chini kabla hujanunua gasketi mpya. Hedi ya chuma ya Land Rover husamehe dereva aliyeendelea kilomita mbili mshale ukiwa kwenye nyekundu. Ya Peugeot haisamehi, na haikupigii kelele pia. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya tabia yao: Land Rover inalalamika mapema na kwa muda mrefu, Peugeot inakaa kimya mpaka siku ya bili.

Linamisi, halina sailensi, halina nguvu

Ondoa mlima kwenye hesabu kwanza. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Farasi 70 za Land Rover ukiwa Arusha ni kama 60, nazo zinavuta gari la zaidi ya tani moja na nusu. Kwa hiyo kama 109 inapanda Monduli kwa gia ya pili, inawezekana hakuna kilichoharibika. Hewa ikiwa nyepesi petroli inazidi, na plagi hutoka nyeusi kama masizi ya chungu. Kabureta iliyowekwa sawa Moshi itaonekana imezidisha mafuta kidogo juu huko. Usiirekebishe kwa safari ya siku moja.

Sasa kama gari linatetemeka likiwa limesimama, njia zinagawanyika.

Land Rover yenye kabureta ya Zenith 36 IV ina ugonjwa wake wa kurithi. Kile kipande cha ndani kinachochanganya petroli na hewa kinapinda uso wake wa juu kwa joto la miaka, na mpira wa duara unaokizunguka shingoni unakauka. Petroli inapata njia ya panya. Dalili ni sailensi, yaani mzunguko wa taratibu gari likiwa limesimama, inayopanda na kushuka, harufu ya petroli, na ulaji wa mafuta usioelezeka. Jaribio: injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu, kaza skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho. Injini nzima ingezima. Ikiendelea kuzunguka kana kwamba hujagusa kitu, petroli inapita kwingine. Fungua, weka msasa laini juu ya kioo, sugua ule uso mpaka uwe bapa, weka mpira mpya. Nusu siku ya kazi. Nimeona watu wakinunua kabureta nzima, na kabureta mpya za bei rahisi mara nyingi zinakuja zikiwa zimepinda tayari.

Peugeot ikimisi usianze na kabureta. Plagi zake zimezama ndani ya mashimo marefu yanayopita kwenye kifuniko cha valvu, na unazifikia kwa viungio virefu. Mihuri ya mashimo hayo ikichoka, oili inatuama juu ya plagi. Na kijana wa kuosha magari akielekeza bomba hapo, maji yanatuama. Umeme unatafuta njia fupi, silinda moja inalala. Chomoa viungio vyote vinne, tazama kwa tochi, kausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi. Nusu ya "kumisi" kwa 504 yangu kumeishia hapo, na haikunigharimu hata shilingi.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zitoe cheche. Kwa magari yote mawili nafasi ya pointi ni karibu milimita 0.40, na mpangilio wa moto ni uleule, 1-3-4-2. Ila valvu msiwe na pupa. Nafasi ya valvu za Land Rover ni milimita 0.25 kwa zote, za kuingiza na za kutoa. 504, injini ikiwa baridi, ni 0.10 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Fundi akiweka 0.25 kote kwenye Peugeot, italia kama cherehani na itakosa pumzi. Akikosea upande wa pili, akaziweka za kutoa 0.10, valvu hazitafunga vizuri zikipata moto, na zitaungua. Injini inayolia kidogo ni afadhali kuliko inayonyamaza kwa sababu hiyo.

Kama kumisi kumeanza siku ileile uliyonunua petroli ya chupa kando ya barabara, na injini inagonga "kele kele" ukikanyaga mlimani, huhitaji fundi. Hayo ni mafuta ya taa. Mimina nje.

Linazima likiwa la moto, linawaka likipoa

Ama petroli haifiki, ama moto wa plagi umekata. Usibahatishe. Likizima tu, kabla halijapoa, chomoa waya wa plagi moja, weka plagi ya akiba kwenye waya, iguse kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Hakuna cheche: shuku kondensa, halafu koili. Koili mbovu huwa ya moto kiasi cha kutoshikika kwa kiganja. Kondensa mpya za siku hizi hazina uaminifu. Mimi hutunza ya zamani iliyowahi kufanya kazi.

Cheche ipo na nguvu? Basi ni petroli. Land Rover nyingi zina pampu yenye kikombe cha kioo, unaona mwenyewe kama kimejaa, kina uchafu au kina mapovu. Mapovu kwenye joto la mchana yana maana kwamba petroli inachemka ndani ya bomba. Kitambaa chenye maji juu ya pampu, dakika kumi, twende. Ikirudia kila wiki, bomba linapita karibu mno na egzosti, au mpira wa ndani ya pampu umechoka na unavuta hewa.

Kugonga chini

Land Rover isiyogonga ukiachia klachi haijazaliwa. Kuna ulegevu kidogo kwenye gia boksi, kidogo kwenye sanduku la pili la gia, kidogo kwenye viungo vya propela shafti mbili, kidogo kwenye kila difu, ukivijumlisha unapata "ngo!" moja. Paka grisi viungo vya propela shafti kila baada ya safari ya vumbi, na uzoee. Kinachotakiwa kukushtua ni mlio mpya wa kugonga, au mtetemo unaoongezeka na mwendo. Ingia chini, shika shafti kwa mikono miwili, ipinde kulia na kushoto. Kiungo kikicheza, kibadilishe kabla hakijakatika na shafti haijaanza kupiga chini ya miguu yako.

504 ni kinyume. Propela shafti yake imefichwa ndani ya bomba linalounganisha gia boksi na difu, kwa hiyo hakuna cha kushika. Saluni yangu ina matairi ya nyuma yanayojitegemea, na mlio wa kugonga unaposikika hutoka kwenye viungo vya shafti fupi zinazokwenda kwenye matairi, au kwenye bushi za mikono ya nyuma. Gari hili lilitengenezwa kuwa kimya. Likigonga, hata mara moja, litazame wiki hiyohiyo.

Usukani

Land Rover inayotangatanga barabarani mtu hukimbilia kulaumu boksi la usukani. Kuna bolijointi sita kabla ya kulifikia, na katikati kuna kile kiungo cha wima kilichofichwa mbele ndani ya chesisi. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, mwingine awe chini ameshika kila bolijointi kwa zamu. Utasikia ulegevu mkononi. Tairi la mbele likianza kucheza kwa nguvu baada ya kugonga shimo, pandisha kwa jeki na ulishike juu na chini; likicheza, ni beringi ya tairi au pini ya kugeuzia imelegea.

Dalili nyingine ya Land Rover pekee, na nimeiona kwa wageni wa gari hili mara nyingi: usukani mzito kupita kiasi kwenye lami, gari kama linavutwa nyuma, kisha kitufe cha manjano kinakataa kutoka. Hakuna kilichovunjika. Umesahau gari kwenye mwendo wa matairi manne juu ya lami kavu, mfumo umejikaza. Rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, halafu toa.

504 ina usukani mwepesi wa reki. Ukilegea, angalia bolijointi na bushi za chini. Reki yenyewe hufa mara chache kama mipira yake ya kuzuia vumbi haijachanika.

Breki

Land Rover ina dramu kote. Ikivuta upande mmoja, mara nyingi sili ya ndani imevuja na oili ya difu imelowesha viatu vya breki. Kusafisha viatu kwa petroli ni kujidanganya, utavirudia baada ya wiki. Pedali inayoshuka mbali kabla ya kushika mara nyingi ni suala la kurekebisha: kila tairi lina bolti ya kusogezea viatu, na haijirekebishi yenyewe.

Peugeot ina diski mbele, inasimama vizuri zaidi kwa mbali. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe ghafla, tafuta ufa kwenye mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kopo la kusaidia breki. Kwa magari yote mawili, mafuta ya breki yaliyokaa miaka yamenyonya maji, na maji hayo huchemka ukishuka mteremko mrefu huku umekanyaga. Ukishuka Marangu, shuka kwa gia uliyopandia.

Gharama, kutu, na kulala

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80. Land Rover inakula karibu lita 15, 504 lita 8 au 9 na inafika mapema. Upande wa spea mambo yanageuka. Za Land Rover bado zinatengenezwa mpya, za 504 unazitafuta. Faraja ni kwamba baada ya saluni kusimama Ufaransa mwaka 1983, Kenya iliendelea kuziunganisha, kwa hiyo ng'ambo ya Holili na Namanga bado kuna mabaki.

Usidanganyike na bodi ya Land Rover isiyo na kutu. Aluminiamu haishiki kutu, chesisi inashika. Gonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi; sauti butu ni chuma kilichooza. Pale aluminiamu inapogusana na chuma huota unga mweupe, na huo unga hukata ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari. Taa zinazofifia mara nyingi ni hilo, si alteneta. 504 haina chesisi ya kujitegemea, sakafu yake ndiyo mwili wake, hivyo inua mazulia baada ya masika na uguse kwa mkono.

Na kama gari limelala miezi mingi, Land Rover huenda ikakataa kuingia gia kwa sababu klachi imegandia. Iwashe ipate moto, izime, weka gia ya kwanza, kanyaga klachi mpaka chini na breki nayo, kisha piga stata mara mbili tatu. Hakikisha mbele pako wazi. Mimi nilisahau, na mlango wa banda la kuku bado umefungwa kwa kamba.